Muindi Mbingu, Majani Makavu na Udongo Tunaouchoma Kila Jumamosi

Kila Jumamosi saa moja asubuhi, soja wa ploti yetu hufagia majani. Anayakusanya kwa kona karibu na geti, anatia kiberiti, na baada ya dakika tano moshi umeingia mpaka kwa nguo ulizoanika jana. Mimi nilikuwa nalalamika juu ya moshi tu. Majani yenyewe sikuwahi kuyafikiria. Si ni takataka?

Halafu mwaka jana nikaamua kupanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, kwa kale kasehemu kalikobaki kati ya ukuta na kamba za nguo. Udongo wa pale ni mwekundu na mgumu kama sakafu. Nikanunua mbegu, nikamwagilia asubuhi na jioni kama mtu amepewa mtoto alee. Zikaota, zikageuka manjano, kisha zikasimama hapo bila kukua, kama watu wanaongoja matatu siku ya mgomo.

Nikampigia susu simu. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na yangu yuko upande wa Kangundo. Hakuniuliza habari ya mbegu wala mbolea. Aliuliza, "Hiyo miti yenu hapo Nairobi, majani yake huenda wapi?"

Nikamwambia yanachomwa.

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kwa hivyo mnachoma chakula cha udongo, halafu mnashangaa udongo una njaa."

Hiyo sentensi ilinikalia vibaya. Nikaanza kusoma, na kusoma kwenyewe kukanitoa kwa sukuma wiki, kukanipeleka 1938, mpaka kwa mtu ambaye jina lake nimelipita mara mia nikienda City Market. Twende polepole.

Kwanza, jani lenyewe

Mti ni bahili. Kabla haujaachilia jani, unalinyonya kwanza. Naitrojeni nyingi na baadhi ya fosforasi hurudishwa ndani ya matawi, ile rangi ya kijani inavunjika, na ndiyo maana jani huanguka likiwa manjano au kahawia. Lakini mti hauwezi kuchukua kila kitu. Jani linapogusa ardhi bado limebeba kaboni nyingi, kalsiamu, na akiba kidogo ya vile virutubisho vingine.

Sasa, ukitaka kuona kinachofuata, nenda Karura siku moja, utoke kando ya njia kidogo, upige magoti. Usichimbe wala usibebe kitu, funua tu kwa mkono. Juu utakuta majani mazima, makavu, yanayolia ukikanyaga. Chini yake kuna majani yaliyovunjika, yamelowa, na katikati utaona nyuzi nyeupe nyembamba. Hizo ni kuvu, zinakula zile sehemu ngumu ambazo wadudu wengi hawawezi. Chini zaidi huoni jani tena. Unaona kitu cheusi, laini, chenye harufu ya mvua ya kwanza. Hiyo ni mboji.

Hayo yote ni tabaka la kwanza tu, paa la nyumba. Chini ya paa ndio unakutana na udongo wa juu, mweusi kiasi, umejaa mizizi na mashimo ya wadudu. Chini yake ni udongo wa ndani, na kwa sehemu nyingi za Nairobi na Ukambani huo ni mwekundu, kwa sababu chuma kilicho ndani yake kimepata kutu, kama bati la zamani. Ukiendelea kuchimba unafika mahali mwamba unaoza taratibu kuwa udongo, halafu mwamba mzima. Wanasayansi hupatia matabaka hayo herufi: O kwa majani, A kwa udongo wa juu, B kwa wa ndani, C kwa mwamba unaooza.

Karibu kila kitu unachokula kimelishwa zaidi na hiyo A, na hiyo A inalishwa na O. Kutengeneza sentimita chache za udongo wa juu huchukua mamia ya miaka. Kuzipoteza ni kazi ya mvua chache kubwa.

Na hapa kwetu kuna jambo moja ambalo watu wa nchi baridi hawana. Kule, majani huweza kurundikana miaka kadhaa kabla ya kuoza. Hapa kuna joto, kuna mvua, kuna mchwa na kuvu, na majani laini yanaweza kuisha ndani ya miezi michache tu. Kwa hivyo akiba yetu ya mboji ni kama akaunti ya M-Pesa ya kijana wa Nairobi: pesa inaingia na inatoka wiki hiyo hiyo. Mti ukiendelea kuangusha majani, mambo yako sawa. Ukikata hiyo njia ya kuingiza, salio linafika sifuri haraka sana.

Weka hiyo akilini, kwa sababu ndiyo siri ya hadithi yote inayofuata.

Wazungu watatu na udongo

Mwaka 1881, miezi michache kabla afe, Charles Darwin alitoa kitabu chake cha mwisho. Huyu ni mtu aliyetikisa dunia na habari za mageuzi ya viumbe, na akaamua kumalizia maisha yake na kitabu kuhusu nyungunyungu. Ni wale minyoo wa udongo ambao ukivua samaki unawatia kwa ndoano. Alikuwa amewachunguza kwa miaka mingi nyumbani kwake Uingereza. Aligundua kwamba huvuta majani ndani ya mashimo yao, mara nyingi kwa ile ncha nyembamba ili yapite bila kukwama, wanayala pamoja na udongo, na wanachotoa nyuma ndicho kinakuwa udongo mzuri. Kwa hesabu yake, kwenye ekari moja ya ardhi nzuri kule kwao, zaidi ya tani 10 za udongo hupita tumboni mwa nyungunyungu kila mwaka.

Miaka miwili baadaye, 1883, Mrusi kwa jina Vasily Dokuchaev akachapisha utafiti wake kuhusu udongo mweusi wa nyika za Urusi. Watu walikuwa wanaona udongo kama mwamba uliosagika tu. Yeye akasema hapana, udongo ni kitu chenye maisha yake, kinazaliwa na mwamba, hali ya hewa, mimea, umbo la ardhi na muda, vikifanya kazi pamoja. Kusoma udongo kwa matabaka, zile A, B na C, kunatoka kwake.

Wa tatu alikuwa jirani yetu. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne alikuwa mwanasayansi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kule milima ya Usambara, Tanganyika. Alizunguka Afrika Mashariki akiandaa ramani ya udongo, akaona kitu ambacho wewe pia umekiona bila kujua. Juu ya vilima udongo ni mwekundu. Ukishuka unabadilika. Ukifika chini bondeni ni mweusi, unanata. Akauita mpangilio huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na neno hilo linatumika vyuoni duniani kote hadi leo. Fikiria tofauti ya udongo wa Kabete na ule unaokula viatu vyako Embakasi mvua ikinyesha, na utaelewa alichokuwa anasema.

Lakini kuna kitu kinanikera na hii sehemu ya hadithi. Ukisoma vitabu vingine utadhani hakuna mtu Afrika aliyejua haya mpaka walipofika. Mkulima wa Ukambani au wa Murang'a hakuwa na herufi A, B na C, lakini alijua shamba likichoka unaliacha. Unalima misimu michache, kisha unahamia kipande kingine, na kile cha kwanza kinarudi kuwa kichaka. Miaka inapita, majani na nyasi zinaanguka, zinaoza, udongo unashiba, unarudi. Huo ulikuwa mfumo. Ulihitaji kitu kimoja tu: nafasi.

Halafu nafasi ikachukuliwa

Serikali ya kikoloni ilichora mipaka. Wakamba wakawekwa ndani ya kile kilichoitwa rizavu. Sehemu za Mua Hills zikaenda kwa walowezi. Nyanda za Yatta, ambako watu walikuwa wanapeleka ng'ombe malisho yakiisha, zikafanywa ardhi ya serikali. Watu wakaongezeka ndani ya boksi lile lile. Mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930 kukaja nzige, kukaja ukame.

Sasa rudi kwa ile M-Pesa. Huwezi tena kuacha shamba lipumzike, kwa sababu hakuna lingine. Huwezi kupeleka ng'ombe mbali, kwa hivyo wanakula kila jani na kila unyasi ulio karibu. Miti inakatwa kuni. Kwa hivyo hakuna majani yanayoanguka, na yakianguka hakuna yanayobaki. Paa la nyumba limetolewa. Tone la mvua, badala ya kugonga jani, linagonga udongo mtupu kama nyundo, linaziba vishimo vyake, maji yanakosa pa kuingia, yanateremka mlima yakibeba ile A. Kinachobaki ni ile B nyekundu, ngumu. Sakafu ya nyuma ya nyumba yetu, lakini kwa ukubwa wa wilaya nzima.

Mwaka 1937 afisa wa kilimo, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo Machakos. Picha zilipigwa mwaka huo huo, na zinatisha kweli: vilima vitupu, makorongo, karibu hakuna mti. Wakati huo maafisa wa kikoloni walikuwa wameingiwa na hofu na habari za Marekani, ambako dhoruba za vumbi zilikuwa zimebeba mashamba mazima angani. Kwa hivyo wakatafuta wa kulaumiwa. Jibu lao likawa: ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno.

Hawakusema mipaka ni midogo mno. Angalia vile lawama inavyosafiri.

1938

Serikali ikaanza kuchukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa mnada, kwa bei ya kutupa. Na wakati huo huo kulikuwa na kiwanda kipya cha nyama Athi River kilichohitaji ng'ombe. Watu hawakuwa wajinga, walijumlisha wenyewe.

Hapo ndipo anaingia Muindi Mbingu. Ndiyo, yule wa barabara. Alikuwa mmoja wa viongozi wa Ukamba Members Association, na mwishoni mwa Julai 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Machakos wakaja Nairobi kumwona Gavana. Hawakuja kurusha mawe. Walikuja wakakaa, wakapiga kambi mjini wiki baada ya wiki, wakikataa kuondoka bila jibu. Gavana, Robert Brooke-Popham, hakutaka kuonekana amelazimishwa. Alikwenda Machakos kufanya baraza huko. Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, akakaa miaka. Lakini mwisho wa yote, serikali iliacha mpango wa kupunguza ng'ombe kwa nguvu.

Fikiria hiyo kitu. Tunafundishwa historia ya kupigania uhuru kama historia ya bunduki na kura. Mojawapo ya maandamano makubwa ya kwanza kufika Nairobi yalihusu udongo, yaani nani ameuharibu, nani analipa, na nani ana haki ya kuamua utengenezwe vipi.

Fanya juu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ikarudi na dawa nyingine: matuta. Kuchimba matuta si wazo baya. Ubaya ulikuwa jinsi yalivyochimbwa. Murang'a watu walilazimishwa kutoka asubuhi mbili kwa wiki kufanya kazi hiyo bila malipo, na wengi waliochimba walikuwa wanawake. Mwaka 1947 na 1948 wanawake wa Murang'a wakagoma. Wengi wakakamatwa. Maafisa wakaandika kwamba watu hawapendi maendeleo.

Sasa sikia kilichofuata, kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi.

Uhuru ulipokaribia na kufika, watu wengi Machakos waliacha matuta ya lazima, yakabomoka. Lakini baada ya muda wakaanza kuyachimba tena, safari hii wenyewe. Walifanya kwa vikundi vya mwethya, leo kwangu kesho kwako, wanawake wakiwa mbele, na kuanzia miaka ya 1970 wakapata pia msaada wa mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo. Mtindo waliouchagua zaidi ni ule wa kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu wa mlima badala ya chini. Ni kazi ngumu zaidi, lakini ukuta unajijenga na shamba linakuwa tambarare taratibu. Unaitwa fanya juu. Na unajua jina lake kwa Kiingereza ni nini? Ni fanya juu. Wataalamu wa udongo duniani wanalitumia hivyo hivyo. Ni Kiswahili cha jembe, na kimeingia vitabuni bila kubadilishwa herufi.

Ukuta peke yake hautoshi lakini. Ukuta unazuia udongo usiondoke, haulishi. Kwa hivyo watu wakapanda miti ndani ya mashamba: maembe, machungwa, mikima kando ya mpaka. Mavi ya ng'ombe, wale wale ng'ombe walioitwa adui, yakarudi shambani pamoja na mabua na majani. Paa likaanza kujengwa upya.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos. Walirudi mahali pale pale palipopigwa picha 1937, wakapiga tena zaidi ya miaka 50 baadaye. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka karibu mara sita. Kwa ile hesabu ya kikoloni, mahali pale pangekuwa jangwa. Badala yake picha mpya zinaonyesha matuta kila upande, na miti mingi kuliko kabla. Watu walewale walioambiwa hawajui kutunza ardhi walikuwa wameitengeneza, mara tu ilipokuwa yao na mavuno yakawa yao. Sisemi Machakos sasa ni paradiso. Kuna makorongo, kuna wizi wa mchanga mitoni, kuna misimu ambayo mvua haiji kabisa. Lakini wale waliotabiri mwisho walikosea.

Turudi kwa ploti

Maoni yangu ni haya. Sisi wa mjini tumebaki na nusu mbaya ya ile historia. Wakoloni walituachia wazo kwamba mahali safi ni mahali peupe, pamefagiliwa, bila jani chini. Shuleni tulipewa adhabu ya kuokota majani. Tukiyachoma, ile naitrojeni yote inaenda hewani, kaboni inaenda hewani, na moshi unaenda kwa mapafu ya mtoto wa jirani. Majivu yanabaki na potasiamu na kalsiamu kidogo, ambayo upepo unapeperusha kabla ya mvua. Halafu tunaenda kwa duka la pembejeo kununua gunia la mbolea.

Najua majibu. Majani huleta nyoka, hujificha mbu, huziba mitaro. Ni kweli, majani yakiachwa kwa mtaro ni shida. Na majani yote si sawa. Ya mkaratusi huoza polepole na yanaweza kuzuia mimea mingine kuota. Ya mukima pia huchukua muda. Ya tithonia, ile mimea ya maua ya manjano iliyo kando ya barabara nyingi magharibi mwa Kenya, huoza haraka na ina naitrojeni nyingi. Watafiti walifanya kazi nayo kule miaka ya 1990, wakaona inaweza kusaidia mashamba ya mahindi yaliyochoka.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea. Nilichukua majani makavu, nikayafukia moja kwa moja kwenye udongo, nikapanda juu yake. Sukuma ikawa manjano zaidi! Nikampigia susu tena. Akaniambia umekaribisha wageni wengi kwa chakula kidogo. Kumbe ndivyo ilivyo: majani makavu yana kaboni nyingi sana na naitrojeni kidogo, kwa hivyo bakteria wanaokuja kuyala wanakopa naitrojeni kutoka kwa udongo, na mmea unabaki mkavu. Unaweza kuyaacha juu yafunike udongo, au uyaozeshe kwanza pembeni ukichanganya na vitu vibichi, maganda ya ndizi, ya viazi, mabaki ya sukuma.

Kwa hivyo nikaenda kwa soja. Sikumletea mhadhara wa Darwin. Nilimwambia tu, mzee, nipee hayo majani, nitakufagilia ile kona mwenyewe. Akaniangalia kama nimepotea, akasema sawa. Mwenye ploti alikuja juu mwanzoni kwa sababu ya nyoka. Tukakubaliana rundo liwe mbali na milango, na lifunikwe. Nimelimwagia maji, nimeligeuza kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa nne nilipolifunua chini kulikuwa kweusi, na nyungunyungu wawili ambao hakuna mtu aliwaalika.

Sukuma ya sasa si ya kupigia picha. Lakini ni ya kijani, na tumekula mara tatu. Soja amenunua mbegu za mchicha. Ameniomba robo ya rundo.

Ukipita Muindi Mbingu Street wiki hii, pale kati ya City Market na Jeevanjee, angalia chini ya miti ya bustani. Kama hawajafagia, utakuta majani. Kumbuka kuna watu waliotembea kutoka Machakos mpaka hapa mjini kwa sababu ya kile kinachotokea majani yakikosekana. Kisha ukirudi kwako, uliza lile swali la susu: hayo yenu huenda wapi?